Haiki ya Longonot ikiharibika: cha kufanya kabla giza halijaingia

Longonot inadanganya watu. Ukiiangalia ukiwa juu kwenye barabara ya kushuka Mai Mahiu ni kilima tu kimejikalia peke yake kwenye Bonde la Ufa, mita 2,776 kileleni, na mtu ambaye ameshasikia stori za Mlima Kenya anajiambia hii ni ya watoto. Na kweli watoto wa shule huwa wanaupanda na kushuka wakiimba. Shida ni mtu mzima anayeuendea kama anaenda kula nyama choma, raba mpya za kupigia picha, chupa moja ya maji, amelala saa nane usiku, alafu mambo yakianza kwenda mrama hata hajui yameanza mpaka jua linazama.

Hii nawaandikia wale wa kwenda na kurudi siku moja, sanasana mkienda grupu kutoka Nairobi. Nimechukua Longonot ju ndio wengi wanaanzia, na nitagusa Hell's Gate pia manake ni mbuga jirani na watu huziunganisha wikendi moja, ingawa hatari zake si za aina moja.

Kitu kimoja ukishike kabla ya mengine yote. Siku ya haiki haiharibiki saa kumi na moja jioni. Inaharibika saa nne, saa tano asubuhi, wakati mmoja wenu amemaliza maji kabla hata hamjafika ukingoni na anaona haya kusema, ama kiatu kimeanza kumchuna mtu na anajikaza, ama wale wa mbele wameshapotea machoni na hakuna anayejali ju jua linawaka na kila mtu anacheka. Kinachoonekana jioni ni risiti tu. Kwa hivyo karibu yote nitakayosema hapa ni ya kufanywa mchana, wakati bado inaonekana ni kama unaharibia wenzako raha.

Saa, saa, saa

Kutoka getini mpaka ukingo wa kreta ni kama kilomita 3.1, kuzunguka ukingo wote ni 7.2, alafu unashuka ile 3.1 tena. Weka 13 na kitu. Wengi wanamaliza kwa saa nne mpaka sita. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na linafungwa saa kumi na mbili jioni, na huku kwetu karibu na ikweta jua linazama mnamo saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na likizama limezama, hakuna ile jioni ndefu, nusu saa haiishi mko gizani.

Sasa piga hesabu. Mkianza kupanda saa mbili asubuhi, ukingoni mko saa tatu unusu, mzunguko masaa matatu, saa sita unusu mmemaliza, saa nane mko chini mnatafuta chakula. Mtu akiteguka mguu na mpoteze masaa mawili, bado ni saa kumi, mwanga upo tele. Lakini mkianza saa tano, na grupu nyingi zinaanza saa tano manake gari ilingoja wawili waliochelewa pale mjini, alafu mkasimama pa kutazamia bonde kupiga picha na kunywa chai, alafu getini mtu anahangaika na eCitizen, ule mtandao wa serikali wa kulipia, ju hakulipa usiku uliotangulia na pesa taslimu hawachukui, hapo mnashuka saa kumi na moja kama kila kitu kimeenda sawa. Ongeza yale masaa mawili ya mguu uone mko wapi.

Kwa hivyo lipeni usiku. Na wekeni saa ya kugeuka kabla ya kushuka kwenye gari, kila mtu aisikie. Yangu mimi ni hii: kama saa sita mchana grupu yote haijafika ukingoni, hakuna mzunguko, mnakaa pale, mnakula, mnaangalia kreta ambayo kusema kweli ndiyo mlikuja kuona, mnashuka. Grupu yote, sio wale watano wa mbele. Kuna watu watanuna. Wanune. Pesa ya kiingilio haijapotea na mlima hauhami.

Ubaya wa njia ya mzunguko ni kwamba inavuta. Njia ya kwenda na kurudi ukichoka unageuka tu, lakini kwenye mzunguko mtu anajiambia nusu imebaki acha nimalizie, na hiyo nusu ndio iko na kile kilele, na kule kuna sehemu unapanda kwa mikono na miguu. Jua mahali pa katikati. Ukingo ni 7.2, katikati ni kama 3.6. Shida ikitokea kabla ya hapo, rudini mlikotoka, hata kama mbele kunaonekana karibu, ju nyuma mnakujua tayari. Ikitokea baada ya hapo endeleeni. Na asubuhi kabla ya kuanza muulizeni renja njia iko aje siku hiyo na ni upande gani afadhali mwanzie, wao wanaijua kuliko mtu yeyote mliyemfuata mtandaoni.

Grupu ikikatika

Hapa nitakaa kidogo ju hapa ndipo mambo mengi huanzia.

Grupu ya watu thelathini haitembei pamoja, hiyo tusidanganyane. Baada ya nusu saa kuna wale wa mbele, mapafu ya chuma, wako na spika inapiga muziki, kuna wa katikati wanapiga stori, na kuna watatu wanne wa nyuma wanahema. Wa mbele wanasimama kivulini kungoja. Wanapumzika dakika ishirini, wanakunywa maji, wanapoa. Wa nyuma wanafika, na ile tu wanafika, wa mbele wanasimama, "haya tumefika wote, twende." Umeona hapo? Yule aliyechoka zaidi ndiye hapumziki kabisa siku nzima. Na ndiye atakayeteguka mguu saa tisa kwenye mteremko, sio kwa bahati mbaya, ni ju magoti yameisha.

Dawa yake ni rahisi. Saa ya kupumzika inaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akifika na kuketi. Na mtu wa mwisho awe mnayemjua, chagueni mmoja aliye na nguvu na roho ya pole, kazi yake ni kuwa nyuma ya kila mtu, hakuna anayebaki nyuma yake hata aliyeingia kichakani kujisaidia, anangoja. Na mwingine mbele, hakuna anayempita. Mbele na nyuma wapeane namba za simu na wahesabu watu kila mnaposimama. Muhesabu kwa mdomo, moja mbili tatu, sio kuangalia tu na kusema "naona wote wako". Watu thelathini kwa macho ni sawa na ishirini na nane.

Njia ikigawanyika, wa mbele anasimama pale mpaka anayefuata amuone. Longonot njia kuu iko wazi sana lakini kuna vijia vya mkato na makorongo ya maji kwenye majivu ya volkano, ukifuata korongo ukidhani ni njia unajikuta mahali ukuta uko pande zote mbili na huoni mtu na husikii mtu.

Mtu akisema anataka kurudi, asirudi peke yake. Hata kama ni kilomita mbili. Wawili wanarudi naye, na wanapiga simu wakifika getini. Mkikosa wa kumsindikiza basi wote mnarudi, na ndio maana mnachagua wenzako vizuri.

Kingine, orodha. Kabla ya kutoka Nairobi acha kwa mtu wa nyumbani, dada, mama, hausimeti, majina ya mnaoenda nao, gari gani, mlima gani, na saa ambayo asipokusikia aanze kupiga simu. Umwambie na apige wapi, sio "utajua". Getini chukua namba ya simu ya renja wa zamu uandike kwenye karatasi, simu ikizima karatasi haizimi. Namba za dharura za nchi ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199.

Mguu ukiteguka

Kifundo cha mguu ndicho kinaenda mara nyingi, na kinaenda mkishuka, si mkipanda. Yale majivu ni kama unga, kumekauka unateleza, chini yake kuna mawe. (Shuka ukienda mshazari, magoti yamekunjwa kidogo, na usishike mkono wa mtu mteremkoni, mtaanguka wawili.)

Akianguka, kwanza kila mtu anyamaze na asiguswe. Akae. Watu wanapenda kumwinua mtu haraka eti asimame aone kama anaweza. Muulize jina, siku, ameumia wapi kwingine, amegonga kichwa? Akiwa amegonga kichwa na anatapika ama anaongea maneno hayaeleweki, sahau mguu, hiyo ni ya kuita msaada saa hiyo hiyo.

Kama ni mguu peke yake, tazama. Mfupa umepinda vibaya, umetokea nje, vidole vimekufa ganzi ama vimekuwa baridi, hapo hatembei hata hatua, unaufunga ulivyo bila kuunyoosha, unaita. Kama umevimba tu na anaweza kukanyaga hatua nne hata kwa maumivu, kiatu kisitolewe ikiwa bado atahitaji kutembea nacho, manake ukikitoa mguu unavimba na hakirudi. Legeza kamba, zungushia bandeji ama leso juu ya kiatu kwa mtindo wa nane, chini ya nyayo na kuzunguka kifundo, kaza lakini vidole vibaki na damu. Leso, kusema kweli, ni kifaa bora kuliko vitu vingi vinavyouzwa madukani vya haiki, ni bandeji, ni kitanzi cha mkono, ni kitambaa cha vumbi, ni kofia. Kila mtu abebe moja.

Alafu mizigo yake yote inagawanywa, begi lake yeye halibebi hata kidogo, anapewa fimbo mbili, mtu mmoja anatangulia hatua moja mbele yake mteremkoni ili akiteleza amwangukie yeye. Na hapo hapo mpigie renja hata kama mnaona mtafika. Wasije wakajua saa kumi na mbili.

Kumbeba mtu usikuchukulie rahisi. Kwenye sinema mtu mmoja anamtupa mwenzake begani na kukimbia. Kwenye njia nyembamba ya majivu watu sita wakibadilishana bado wanahema kila mita hamsini, na hakuna gari inafika ukingoni, renja wenyewe wanakuja kwa miguu. Ndio nasema muite mapema. Akishafika getini kuna njia ya gari mpaka barabara kuu na hospitali ziko Naivasha.

Maji na jua

Mlimani hakuna maji. Hakuna chemchemi, hakuna kioski, hakuna mama wa kuuza soda. Lita tatu kwa kila mtu, na simaanishi lita tatu za watu wawili. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga zetu, kwa hivyo zile chupa za maji za dukani usizitegemee, tafuta chupa ya kujaza tena.

Kivuli ni kidogo mno, na juu ya mita 2,000 jua linachoma hata upepo ukiwa baridi, na huo upepo ndio unadanganya ju hutoki jasho la kuonekana. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, mtu mwenye mdomo mwingi ananyamaza, mkojo unakuwa wa rangi ya chai ama haupo kabisa. Ukimuona hivyo simamisha grupu, tafuteni kivuli, hata cha shuka iliyoshikwa na watu wawili, alale miguu juu kidogo, anywe polepole. Maji matupu mengi kwa mpigo hayasaidii sana, mwili umepoteza chumvi, kwa hivyo beba pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, bei ni rahisi duka lolote la dawa. Huna? Lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, hiyo tengeneza nyumbani ubebe. Glukosi peke yake ni utamu tu.

Lakini akianza kuchanganyikiwa, anayumba kama mlevi, anakataa kusaidiwa ama ngozi inawaka moto, hiyo imevuka uchovu. Mvueni nguo za juu, mwageni maji kichwani, shingoni, kwapani, mpepeeni kwa chochote, na mpige simu. Hapo maji ya kunywa ya wengine yanatumika, hakuna kubania. Na mtu asiyejielewa usimtilie maji mdomoni.

Wenye pumu: lile vumbi si mchezo, sanasana Januari na Februari na grupu kubwa mbele yenu. Inhela iwe mfukoni mwako mwenyewe, isiwe kwenye begi amebeba kijana wa mbele. Na sigara achana nazo kabisa. Machi 2009 moto ulichoma huo mlima mpaka ndani ya kreta, nyasi zikikauka zinangoja cheche tu.

Mvua, radi, na lile korongo la Hell's Gate

Msimu wa mvua, Machi mpaka Mei na tena Oktoba mpaka Desemba, asubuhi inaweza kuwa safi na mchana mawingu yakajaa. Ukingo wa Longonot uko wazi, wewe ndiye kitu kirefu. Ukisikia ngurumo usisubiri kuona mvua, shukeni kutoka kwenye mgongo wa ukingo, mtawanyike kidogo msikae rundo, msijifiche chini ya mti ulio peke yake, fimbo za chuma wekeni kando. Mchuchumae miguu pamoja kama radi iko karibu sana. Mngoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na njia yenyewe ni mtaro, ikinyesha sana maji yanapita pale pale mnapokanyaga, kwa hivyo simameni pembeni palipoinuka, muache ipite.

Hell's Gate sasa. Mbuga ile watu wanaipenda ju unaweza kutembea na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, na lile korongo la Ol Njorowa kuta zake ni nzuri ajabu. Lakini korongo limechongwa na maji na maji bado yanajua njia yake. Aprili 2012 vijana wa kanisa walisombwa pale, na Septemba 2019 wageni pamoja na mwongozaji wao. Kinachoua pale si mvua iliyo juu ya kichwa chako, ni mvua iliyonyesha mbali kule miinukoni, wewe uko chini jua linawaka unapiga selfi, na ukuta wa maji ya matope unakuja kwenye kona.

Kwa hivyo ulizeni getini kama korongo liko wazi siku hiyo, na wakisema limefungwa, limefungwa, usimpe mtu hela akupitishe pembeni. Liko wazi? Ingieni na mwongozaji wa pale, mwulize mahali pa kutokea ni wapi KABLA hamjaingia, si mkiwa ndani. Mkiwa ndani angalieni maji: yakibadilika rangi ghafla, yakianza kuleta vijiti na majani, mkisikia mngurumo kama lori linakuja, ama mawingu meusi yakionekana upande wowote, pandeni juu. Juu, si mbele, maji yanawashinda mbio. Viatu vikibaki vibaki, simu ikianguka ianguke. Sehemu nyembamba kuta ni laini hazipandiki, ndio maana mnatoka mapema wakati bado mko mahali papana.

Mkipotea

Mkigundua hamjui mlipo, kaeni chini. Kweli, keti, kunywa maji, kula kitu. Dakika kumi za kuketi zinaokoa saa mbili za kuzunguka. Mtu aliyepotea huwa anatembea haraka zaidi kuliko alivyotembea siku nzima, na kila hatua inapanua eneo la kutafutwa.

Alafu jiulizeni mara ya mwisho mlikuwa na uhakika ni wapi. Kama mnaweza kurudi hapo kwa nyayo zenu wenyewe, na majivu yanashika nyayo vizuri, rudini. Kama hamna uhakika kaeni hapo hapo. Msishuke ndani ya kreta eti mkatize. Kutoka juu inaonekana ni bustani tu ya miti, lakini kuta zimesimama wima na chini ni msitu wenye nyati.

Simu: ukiwa na asilimia thelathini usipige picha tena. Weka mwanga chini, zima data. Ramani ya simu inaonyesha mahali ulipo hata bila mtandao kama uliipakua nyumbani, kwa hivyo pakua nyumbani. Panda kidogo kuelekea ukingoni, huko juu mtandao unashika kuliko makorongoni. Simu ikikataa kupiga, tuma SMS, ujumbe mfupi unapenya mahali sauti haipiti. Andika yote kwa ujumbe mmoja: mko wangapi, nani ameumia na vipi, namba za mahali mlipo kutoka kwenye ramani, mnaona nini mbele yenu, na kwamba hamtasogea. Alafu kweli msisogee! Simu moja tu ndiyo itumike, nyingine zizimwe zikae akiba. Filimbi, pigeni mara tatu, ngoja dakika, mara tatu tena. Filimbi ni shilingi chache na koo la mtu linakauka baada ya nusu saa ya kupiga kelele.

Wanyama

Kwa ufupi. Twiga na pundamilia waache na shughuli zao. Nyati ndiye wa kuogopwa, sanasana dume lililo peke yake kichakani. Ukimuona simama, msikimbie wote kama kuku, rudini nyuma polepole mkimtazama, mpeeni nafasi, akija pandeni mti ama jiwe kubwa. Nyoka: kifutu analala njiani na hakimbii, kwa hivyo angalia unapokanyaga na unapoketi. Akiuma, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usitafute nyoka umuue mpige picha. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, mguu ama mkono ufungwe usitikisike, asitembee kama inawezekana, na hospitali haraka.

Giza likiwakuta

Kama kuna njia wazi, watu wazima, na tochi za kutosha, shukeni polepole pamoja, hakuna anayetangulia. Tochi za kichwani, si ya simu, ju ya simu inakula chaji na inashika mkono ambao ulihitaji kujishikilia nao. Kila mtu awe na yake hata kama mmepanga kurudi saa nane. Hiyo saa nane ni mpango tu.

Kama hamna tochi, ama kuna majeruhi, ama hamjui njia, laleni hapo. Watu wanaogopa sana neno kulala mlimani lakini usiku mmoja wa kutetemeka unapita, kuteremka ukingo gizani huenda usipite. Tafuteni pahali pasipo na upepo, mbali na mtaro wa maji na mbali na ukingo. Vaeni kila kitu mlichonacho, shati lenye jasho litoke kwanza libadilishwe, ketini juu ya mabegi msiguse ardhi, mkusanyike mgongo kwa mgongo, aliyeumia katikati. Huko juu usiku unakuwa baridi hata kama mchana mlikuwa mnaungua. Miongozo ya nje inasema beba mfuko mkubwa wa plastiki wa kuingia ndani, huku kwetu hiyo itakuletea maneno getini, beba koti la mvua na shuka ya Kimaasai, inafanya kazi. Moto msiwashe. Chakula kigawanywe, msimalize usiku huo, na mtu mmoja awe macho kwa zamu akiita majina kila baada ya muda, kila mtu aitike.

Ukiona mwanga wa watafutaji, washa tochi na uzime mara tatu tatu, wala usikimbie kuwaendea. Wao ndio wanakuja.

Na mkishuka wenyewe baada ya kuwa mmeomba msaada, kitu cha kwanza kabla ya soda, kabla ya kuingia kwenye gari, mwende getini mseme tumefika wote na mhesabiwe, alafu mumpigie yule mtu wa nyumbani. Kuna renja wanaweza kuwa bado wako kule juu na tochi wanawatafuta ilhali nyinyi mko Mai Mahiu mnakula mahindi choma.